Miaka Mitano Inaanza Lini?

Jumanne, 8 Oktoba 1996

Rufaa ya Hussam imeshinda! Shemeji Kamaludin katoka kortini mbio kuja kutwambia: kosa la wizi limefutwa, na miaka yake minne imefutwa. Mamake Hussam hakungoja maelezo. Alitoka barazani akapiga vigelegele, nami nikaitikia. Kabla ya alasiri Kibokoni nzima yajua mume wangu anatoka.

Ashatangaza na nikahi ya binti yetu Mwanaesha. Ijumaa ya wiki ijayo. Mtoto alisema tangu mwanzo — haozwi ila na babake.

Nimetoa ile kofia ninayomshonea Hussam. Imebaki duara ya juu tu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ndia Kuu, ofisini kwa wakili Thoya. Kumbe.

Hussam alihukumiwa vifungo viwili, vifuatane. Minne ya wizi, ikiisha, mitano ya kughushi karatasi za ushuru. Minne imefutwa. Mitano imebaki — hilo nalijua. Lakini inaanza lini? Mimi nahesabu tangu alipofungwa, Oktoba tisini na mbili. Ukitoa theluthi anayosamehewa mfungwa kwa tabia njema, angekuwa nyumbani tangu Februari. Karani wa jela ahesabu tangu Jumanne hii. Jaji hakuandika ianze lini, asema Thoya.

Nikamuuliza, je, hii minne aliyokwisha kukaa, alikuwa akikaa ya nini? Akaitazama kalamu yake. Alhamisi atamwomba jaji aandike.

Jumapili, 13 Oktoba

Watu waja kumpa Hussam mkono. Nasema yuko Malindi, anapumzika. Uongo mtupu. Sasa sitoki hata dukani, madirisha nimeyafunga, joto lataka kuniua.

Mama mkwe anachagua mchele wa harusi. Nimemwambia, Mama, tuahirishe. Ati niende mimi nikawaambie wakwe. Siendi. Nina hasira naye, na vigelegele tulipiga wote wawili.

Nikimuuliza Kamaludin nduguye alisemaje siku ile kortini, jibu ni moja. Awasalimu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Faili haikuonekana. Tarehe nyingine: 14 Novemba.

Mwanaesha ashapakwa hina. Aniuliza baba ataletwa saa ngapi. Nikasema kesho, inshallah. Sijui kwa nini nilisema.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika jikoni, nimesimama. Kamaludin kaja na kanzu nyeupe, katoa karatasi mfukoni. Mwandiko wa Hussam. Amempa nduguye uwakala amwoze Mwanaesha kwa niaba yake. Nikatazama tarehe. Nane Oktoba.

Jumanne ile! Aliiandika kortini, kabla hajarudishwa kwenye gari la jela. Sisi tunashangilia, mwenzetu ashapiga hesabu zake. Kamaludin asema aliambiwa asiitoe ila ikibidi. Siku kumi aiweka mfukoni na mimi nachagua uzi! Nilitaka kumtukana, machozi yakanitangulia.

Mwanaesha hajaambiwa kuwa babake haji. Mama asema tumwambie nikahi ikishapita. Nami nimenyamaza, Mungu anisamehe.

Kofia nimempa Kamaludin. Imemkaa sawasawa.

Yuwapanda ngazi sasa, akamuulize bibi harusi idhini yake, kisha aende msikitini wanakomngoja. Mlango wa Mwanaesha umerudishwa, haoni nani apanda. Ndugu hawa, yeye na Hussam, mwendo wao ni mmoja, tangu ujana wao.

Amesikia nyayo.

"Baba?" aita.

Kamaludin amesimama kwenye ngazi. Ananitazama mimi.