Goti la Mama na Picha Isiyoliona

Kambi ya Wafanyakazi, Mazinde,
S.L.P. 41,
Mombo, Korogwe.
14 Septemba 2003

Mpendwa Mjomba Isihaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko India, masomo yako ya kupiga picha wagonjwa yanaendelea, na chakula chao umeanza kukizoea. Mimi ni mzima, niko kidato cha pili. Habari za mama nazieleza kando, maana safari hii sitaki zipotee ndani ya salamu.

Mjomba, magoti ya mama yamezidi, hasa la kulia. Asubuhi anatoka kitandani akishika ukuta. Tangu mwezi wa saba anaswali ameketi kwenye kigoda, yeye aliyekuwa akinigombeza nikiharakisha sijida.

Bado anabeba singa mbichi za mkonge kutoka mashineni hadi kwenye nyaya za kuanikia. Shamba limeuzwa, na mwenye shamba mpya ametangaza kwamba asiyemaliza kazi ya siku ataachishwa. Mwenye cheti cha hospitali ndiye atakayepewa kazi ya kukaa, ya kuchambua singa. Mwisho wa kupeleka vyeti ni tarehe 31 Oktoba. Na ukitolewa kazini, unatolewa na kambini.

Basi mama alikwenda hospitali, akapigwa eksirei. Daktari alimwuliza anaendeleaje. Mama akajibu, "Salama tu, baba," kama anavyomjibu kila mtu, kwa kuwa kwetu mtu haanzi na shida zake. Daktari akaandika kwamba mgonjwa hana maumivu makubwa na mifupa ni mizima. Mimi nilikuwa nje, nimemshikia foleni ya dawa. Sijajisamehe mpaka leo.

Sasa picha ile ndiyo inayomshitaki. Msimamizi wao, Bwana Hiza, aliiinua juani mbele ya watu wote. "Maryamu, goti lako zima kuliko la mbuzi wangu. Picha haisemi uongo." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, halafu akainama akabeba mzigo wake.

Ndipo nikaikumbuka barua yako ya Idi. Uliandika kwamba eksirei huona mfupa, haioni gegedu lililo kati ya mifupa. Ukasema mashine ya sumaku mnayoifanyia majaribio husoma maji yaliyomo ndani ya gegedu, na maji hayo hubadilika mapema, gegedu likiwa bado halijapungua. Nilipomsomea mama, alielewa haraka kuliko mimi. Alisema hata singa ikianza kukauka, mkono huujua uzito wake kabla rangi haijabadilika. "Basi mashine hiyo ni mwanikaji mwenzangu," akasema.

Uliandika pia kwamba gegedu likiisha halioti tena. Hapo sikumsomea.

Najua hatuwezi kumleta mama huko. Ninachoomba ni barua tu. Mwombe daktari anayekufundisha aandike, kwenye karatasi ya hospitali yenye muhuri, kwamba goti linaweza kuharibika huku mifupa ikionekana mizima, ili daktari wa huku ampime tena. Nitaipeleka mwenyewe, na safari hii nitaingia naye ndani. Nimeshaanza kumfundisha mama jibu la kumpa daktari. Bado linamshinda.

Mama yako, bibi yetu wa Mazingara, anakusalimu sana. Anataka turudi kwake Handeni tukalime, lakini jembe nalo linataka magoti. Mdogo wangu Salimu anakuamkia, na jirani yetu Mama Ruthi anakuombea.

Mama yuko hapa kwenye kigoda, amenyoosha mguu. Ameniuliza nimefika wapi, kisha akasema, "Mwandikie mjomba wako kwamba sote hatujambo. Asije akashindwa kusoma huko kwa mawazo."

Sikuandika hivyo, Mjomba.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, na barua hii ikufikie upesi.

Mpwa wako akupendaye,
Mwanaidi