Mto Niliouchora Uani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Huku Mkunya tu wazima, mikorosho imetoa maua, na shangazi yako Somoe amejifungua salama. Ramani ya nchi uliyoibuni nimewaonyesha majirani wote. Nimewaambia, "Mnaona? Kipaji hiki kakitoa kwangu!"

Unaniuliza uache au uendelee, maana baba yako anasema ni upuuzi kuchora nchi isiyokuwepo. Sikia. Nilipokuwa na umri wako, maji tuliyafuata bondeni, tukapanda nayo mlima mzima. Siku moja nilichora nchi yangu uani kwa kijiti, mto ukipita mlangoni kwetu. Mama akarudi na ndoo kichwani, nami hata kufagia sijafagia.

"Nini hiki?"

"Mto, mama. Huku hushuki bondeni."

Akatua ndoo. Kisha akachota kikombe kimoja kwenye ndoo ile, akamimina taratibu ndani ya mto wangu. Tukautazama ukitiririka mpaka mchanga ukaunywa wote.

Baba yako niachie mimi, nilimzaa mwenyewe. Mwambie tu kwamba mama yangu, bibi yake aliyembeba mgongoni, alimwaga maji ya kunywa kwa ajili ya nchi isiyokuwepo.

Ni mimi bibi yako, mwenye kipaji.