Karatasi Moja ya Nyimbo

Lindi, Kibera
3 Februari 2025

Kwa Shangazi Kaveke,

Ninakuandikia kukuomba urudi kwenye kwaya. Nimelazimika kutumia barua kwa sababu simu zangu huzipokei, na Jumapili tano zimepita bila wewe kusimama mbele kututangulizia mistari. Natumaini mgongo umepata nafuu na sare za shule zinaendelea kushonwa. Mimi ni mzima.

Nafahamu kwamba zile karatasi za nyimbo nilizowagawia wanakwaya ndizo zilizokuudhi. Naomba nieleze nia yangu. Kwenye mahojiano ya kazi mwezi Desemba niliulizwa maana ya msemo wa Kiingereza usemao kwamba watu fulani wanaimba kutoka karatasi moja ya nyimbo. Nilijibu kwamba ni watu wenye kauli moja mbele ya umma. Kwamba msemo umetokana na kwaya za makanisa, ambako kila mwimbaji hupewa karatasi yenye maneno yaleyale. Na kwamba wanasiasa na mameneja waliuchukua baadaye, ingawa hakuna ajuaye kwa hakika aliyeanza kuutumia hivyo. Waliniajiri. Nikaona ni fahari kuwafanyia wanakwaya wetu jambo hilohilo kwa vitendo: nikachapisha nakala arobaini za nyimbo zetu, kila ubeti mahali pake.

Kanisa letu jipya la Laini Saba litawekwa wakfu Machi tarehe tisa, nasi ndio tutakaoimba. Bila wewe, soprano wanaanza na besi hawafuati. Nakusihi, nieleze kosa langu.

Ni mimi mwanao uliyenilea,
Mwanzia


Kawangware 46
9 Februari 2025

Mwanangu Mwanzia,

Habari za huko? Huku tuko sawa. Mgongo unauma nikiinama sana, lakini hizo sare nani atanishonea? Risper wa jirani ndiye anakuletea hii barua, mpe chai.

Yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta mahali umesema pole. Mara ya pili nikatafuta mahali umemtaja Makau wetu wa besi. Hayuko. Karatasi arobaini ziko, mameneja wako, fundi Makau hayuko.

Unakumbuka ile Jumapili? Ulimpa karatasi akaishika juu chini. Ukaacha watu wote, ukaenda ukamgeuzia, ukasema kwa sauti, "Hivi ndivyo, mzee." Vijana wakacheka. Wewe pia ulicheka, nilikuona. Mwanzia, Makau hajui kusoma. Hata Mama Ngina wa soprano hajui, na wengine sitawataja. Unafikiri mimi nilikuwa natangulia kusoma mstari kwa sababu napenda kusikia sauti yangu? Nilikuwa nasoma ndio wote waimbe, na mtu asijue nani anajua kusoma na nani hajui. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu, ukaivunja kwa dakika moja.

Mimi sijakasirikia karatasi. Jumapili Makau anakuja hapa kwangu, tunaimba wawili na mlango umefungwa. Mimi usiniandikie tena kabla hujaenda kwake.

Shangazi yako,
Kaveke


Lindi, Kibera
2 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekawia kwa sababu nilikwenda kwa Mzee Makau mara tatu, na mara mbili za kwanza nilipita karakana yake nikajifanya naenda kwingine.

Juzi aliniona. Akaita kutoka kwenye randa, "Karibu, mwalimu wa karatasi! Leo umekuja kugeuza nini?" Wenzake wakaangua kicheko. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, ikanipotea yote. Nikasema, mbele yao, "Mzee, nilikuaibisha mbele ya watu. Naomba msamaha mbele ya watu." Akapangusa vumbi la mbao kwenye randa. Kisha akasema, "Miaka thelathini nimeimba besi. Ukanisahihisha kabla sijafungua mdomo."

Akanipa ubao niushike, akaendelea kuranda, na akiwa anaranda akaanza wimbo wa pili wa ibada. Beti zote nne, Shangazi, bila kukosa neno. Mimi niliyeuchapisha sikuujua ubeti wa tatu. Akauimba mstari kwa mstari hadi nikaushika.

Niliporudi nyumbani nilisoma zaidi. Karne nyingi kabla ya msemo ule, Waingereza wenyewe hawakuwa na karatasi. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo karani wa kanisa alisoma mstari, umati ukaimba, akasoma unaofuata. Niliyoyaeleza kwenye mahojiano yalikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ulikuwa ukiifanya wewe, nami nimesimama nyuma yako tangu utotoni.

Mzee amekubali kurudi, kwa sharti kwamba utangulie wewe na mimi nisimame besi, kando yake, mikono mitupu. Nimekubali. Nakuomba nawe ukubali.

Mwanao,
Mwanzia


Kawangware 46
5 Machi 2025

Mwanzia wangu,

Salamu nyingi. Makau alifika kabla ya barua yako. Alisema sauti yako ya besi ni kama ya mtu anasoma taarifa ya habari, lakini ubao unajua kushika. Amecheka mpaka akaomba maji. Hajacheka hivyo tangu Krismasi.

Sasa nisikize. Hao vijana waliocheka, wewe ndiye utawaambia, na wewe ndiye utaanza kwa kusema ulichomwambia Makau karakana. Mama Ngina nitampitia mwenyewe. Anayetaka kushika karatasi ashike, hakuna mtu ataulizwa.

Tunafanya mazoezi Jumamosi tarehe nane, saa tisa alasiri, mlangoni pa kanisa jipya. Usichelewe, tutaingia pamoja.

Shangazi yako,
Kaveke