Chumba cha Mashine cha Mama Disketi Hakifungwi

Mwaka umetimia, Mama, tangu uzime taa ya chumba cha mashine, ukavuta mlango, ukarudi nyumbani ukisema kichwa kinakugonga. Kesho yake hukuamka. Tumelia vya kutosha. Leo tunaongea nawe kwa sauti, na anayetaka kusikia asikie.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale chuoni walikuita Mama Disketi, nawe ulilipenda jina hilo kuliko cheo. Chuo kilikupa chumba na soketi tu. Zile kompyuta za zamani ulizitafuta mwenyewe kwenye ofisi zilizokuwa zikizitupa, ukazileta moja moja, na mwanao fundi umeme akazifufua. Wifi yako alikuwa akisema, "Wewe umeolewa na mabati yako, kaka yangu ni mgeni tu." Ulicheka, ukampa kitambaa akusaidie kufuta vumbi.

Somo la kwanza lilikuwa lile lile kila mwaka. Unawasha mashine kongwe kuliko zote, kisha unawaambia watoto wa watu wakae wasubiri. Inapojivuta unawasimulia: kompyuta za mwanzo zilijaza ukumbi mzima na zilitoa joto kama jiko, na diski kuu ya kwanza, kubwa kama makabati mawili, leo ingeshiba kwa picha moja ya simu. Halafu unawapa wimbo wauhifadhi kwenye disketi. Hauingii. Inabidi waugawe kwenye disketi tatu, wao wananung'unika, wewe umekunja mikono unatabasamu.

Na kitambaa cha kukunja, je? Ili waelewe jinsi transista, zile swichi ndogo mno ndani ya chipu, zilivyoongezeka maradufu kila baada ya miaka miwili hivi, ulichukua kitambaa kwa mumeo fundi cherehani, ukawakunjisha: tabaka mbili, nne, nane, mpaka kikagoma. Siku moja ulibeba haraka haraka, kumbe ni hariri ya bibi harusi. Baba aliipiga pasi asubuhi nzima. Tangu hapo vitambaa vya wateja vikawa vinalala kabatini, kwa kufuli.

Ulikuwa mkali pia, tusikupambe. Aliyesema "mimi kompyuta siziwezi" ulimkalisha mbele. "Kitu usichojua kilikotoka utakiogopa," ulimwambia, "na ukikiogopa, watu watakudanganya nacho." Wengi wao leo wanafundisha wenzao.

Sasa sikia yaliyotokea. Mwezi uliopita mkuu wa chuo alikuja nyumbani, akaketi kwenye kiti chako, akasema chumba kinatakiwa kiwe ofisi, na mashine zitachukuliwa na gari la vyuma chakavu. Akatoa simu mfukoni.

"Mzee, simu hii peke yake ina nguvu kushinda chumba kizima cha marehemu."

"Hilo ndilo somo lenyewe," Baba akamjibu. "Mke wangu alilifundisha miaka yote. Ukivitupa vile, hao watoto utawaonyesha nini?"

"Wakati ukuta, mzee. Ukipigana nao utaumia mwenyewe."

"Basi nitaumia. Kunywa chai, inapoa."

Tumeambiwa tukuache upumzike. Pumzika, Mama, hilo hatulikatai. Tunachokataa ni kufutwa kwa kazi yako na watu ambao hawajawahi kukaa darasani kwako hata siku moja. Tuna hasira na tunakukosa mpaka kifua kinauma, na hatuoni haya kuyasema yote mawili pamoja. Gari linakuja Jumatatu asubuhi. Litatukuta ndani, mashine zinanguruma, na wanafunzi wako wa zamani wamejaa vitini.

Wanaokukumbuka, na watakaokuwa chumbani Jumatatu: mumeo fundi cherehani; binti yako muuguzi, aliyeomba ruhusa kazini akanyimwa, na anakuja hivyo hivyo; mwanao fundi umeme na mkewe, mkweo mwenzako wa utani; wifi yako, ambaye siku hizi mtu akiziita mashine zako mabati humfukuza kwa kiatu; na wajukuu zako watatu, mdogo akiwa mgongoni kwa mama yake.

Hutatutoka moyoni kamwe, Mama. Nasi chumbani hatutoki.