Kahawa ya Bukoba Katika Kitalu cha Baba

Bomani, Tarime
14 Septemba

Kwa dada yangu Mokami,

Shikamoo dada, uipokee kwa moyo ule ule ninaoitolea. Mimi mzima, mama naye mzima, ila goti linamsumbua asubuhi zenye baridi. Vipi huko Natta? Shemeji Wangwe amerudi kutoka kambini, au bado anawapikia watalii? Tembo wamewaachia mahindi mwaka huu? Na Teddy wangu, bado mbishi? Nilisikia amekuwa wa tatu darasani, nikacheka peke yangu barabarani mpaka watu wakanitazama.

Utajiuliza mbona nakuandikia barua wakati simu tunazo. Dada, mimi nakujua. Kwenye simu ungenikatia katikati. Barua hata ukiitupa utaiokota tu uimalize. Nimempa Sospeter, yule dereva anayepeleka mboga kambini, na nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako, siyo kwa jirani.

Kahawa huku imeiva. Jumamosi nilikwenda Kemambo kumsaidia mama kuchuma. Mibuni ya baba imebaki thelathini na kitu, mingine mama aliing'oa akapanda migomba. Nilikumbuka mbali, dada. Nilikumbuka tulivyokuwa tukificha matunda mekundu shavuni tunyonye ule utamu, baba akituona anauliza kama amezaa watoto au amezaa nyani. Gunia likishonwa linakwenda ghala la ushirika, na sisi tunarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Ajabu ya Mungu! Baba yetu, Mzee Nyamhanga, alilima kahawa miaka thelathini, cheti cha mkulima bora kikaning'inia ukutani mpaka kikaliwa na mchwa, na wakati wote ule hakuonja hata kikombe kimoja. Watu walisema Ulaya wanaitengenezea baruti, naye hakubisha. Kwake kahawa ilikuwa kitu cha kupanda na kuuza.

Aliyetufundisha watu wa hapa kuinywa ni Batholomeo. Najua jina hilo hulitaki, lakini nivumilie. Unakumbuka alivyokuja kutoka Bukoba kufuata dhahabu Nyamongo, akaambulia vumbi na malaria, kisha akafungua kibanda nyuma ya soko hapa Bomani. Wazee walimcheka wakisema huyu mura, kijana wa watu, amekosa dhahabu sasa anatuuzia maji machungu. Mwezi haukuisha wakawa wanagombania benchi. Leo kile kibanda ni mgahawa wenye bati jipya na meza sita. Mvua ikinyesha hakuna pa kukanyaga, watu wanabishana Simba na Yanga huku kahawa inapoa. Na Desemba ya mwaka wa tohara ndiyo usiseme! Wajomba wanaingia kutoka kila kona wamepakwa unga usoni, filimbi zinalia, birika halikai chini. Tangu nilipoachika Sirari nimefanya kazi pale miaka sita, buni nakaanga mwenyewe chunguni, na nikiwa sipo wateja wanalalamika kwamba imeungua.

Wewe hujawahi kuingia humo. Desemba ile ulipokuja nilikuona umesimama ng'ambo ya barabara juani, nikakupungia mkono, ukageuza uso. Nilijua sababu, na kahawa niliyokuwa namimina nikaimwaga nje ya kikombe.

Sasa nifike kwenye shina la barua. Mwezi uliopita Bato aliniita kabla hatujafungua, akaniambia kwamba yeye sasa ni mtu mzima, amekaa peke yake muda mrefu, na nikikubali anataka kwenda Kemambo kujitambulisha kwa mama. Kwa ajili yangu, dada. Yule yule aliyekuja kwa ajili yako. Nilitaka kusema ndiyo, sikufichi, maana nampenda. Badala yake nilimwomba siku chache, nikaenda kujifungia nyumbani nikalia.

Wewe unajua hivi: Batholomeo alimletea baba mbegu za kahawa ya Bukoba, baba akazipanda, hazikuota. Baba akawaita wazee akawaambia kwamba mtu aliyekuja kuomba binti hai kwa mbegu mfu anataka kuua kizazi chake. Bato aliporudi alikuta geti limefungwa, na hakuna aliyemwambia kosa lake. Yeye mpaka juzi alidhani ni kwa sababu hakuwa na ng'ombe. Wewe ukaolewa Natta. Kisha ukakaa miaka sita bila mtoto, na kila ulipokuja nyumbani ulilia kifuani mwa mama ukisema yule mtu wa Bukoba alikulaani, tumbo lako limekuwa kama kile kitalu.

Dada, zile hazikuwa mbegu. Kwao Bukoba kahawa inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inakaushwa, halafu inatafunwa. Mgeni akifika anapewa punje kadhaa, ndiyo heshima yake, na ukitaka urafiki na mzee unampelekea kifurushi. Siku Bato alipokuja, baba alikuwa ameenda mnadani na wewe ulikuwa kisimani. Alinikuta mimi. Alinipa kile kifurushi cha majani ya mgomba, akaniagiza nimweleze mzee kwamba ni za kutafuna na wenzake, zimeshachemshwa. Alirudia mara mbili. Nilimsikia vizuri.

Baba alipofika nikamwambia tu kwamba Batholomeo ameleta kahawa ya Bukoba. Akafungua, macho yakamng'aa! Akasema huyu kijana ana akili, amejua mkulima anapelekewa nini. Kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshashika jembe, na Mzee Wangari wa jirani amesimama pale akisifia. Ningemwambiaje mkulima bora, mbele ya mwenzake, kwamba anapanda kahawa iliyochemshwa? Ndivyo nilivyojidanganya jioni ile. Lakini kesho yake Mzee Wangari hakuwepo. Wala kesho kutwa. Miezi mitatu baba alikimwagilia kile kitalu, akakitengenezea kivuli cha nyasi, akawa anachungulia kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, na mara nyingine aliyemjazia maji ndoo ni mimi.

Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda Bato, dada. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliona kitalu kikikataa nikafurahi, kwa sababu kikikataa wewe hutaolewa naye. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako walinisema mimi. Nilidhani utalia wiki moja upate mwingine. Sikujua ile hadithi ungeibeba tumboni mpaka Natta. Na ulipoanza kulia kwa mama, nilikuwa nimekaa pale pale nachambua maharage, na bado nikanyamaza. Baba amekufa akiamini alitukanwa. Mama bado anaisimulia kwa wageni, na mimi ndiye ninayewaletea chai.

Jumapili nilimweleza Bato yote. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akaniambia niende nikakwambie, na kwamba mpaka uwe umejua, yeye na mimi hatuna la kuzungumza kuhusu ndoa. Hakugomba. Ningefurahi kama angegomba.

Hakuna aliyekulaani, Mokami. Si Bato, si baba, si Mungu. Miaka ile sita ulilia kwa uongo wangu, na Teddy alipokuja hukumfurahia kama akina mama wengine, kila homa ulidhani ile laana imerudi kumchukua. Hilo siwezi kukulipa.

Bato sijampa jibu. Ukisema nisiolewe naye, sitaolewa naye, na sitakuuliza kwa nini. Mama naye hajui bado. Ukitaka ajue, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Ila nakuomba usininyamazie, maana mimi najua kunyamaza kunafanya nini.

Msalimie sana shemeji Wangwe, na Teddy mbusu paji la uso. Majirani wote wa Kemambo wanakusalimu, na mama anasema umtumie ile dawa ya goti.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unaniita hivyo,

Robi Nyamhanga