Kilima cha Mutomo

Jericho, Nairobi
16 Januari 1983

Ndugu yangu Patrobas,

Salamu nyingi kutoka huku Jericho. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Khalayi na huyo mtoto ambaye bado sijamwona. Je, joto la Mombasa umeshalizoea, au bado unalala sakafuni? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine nitakueleza, na unisamehe, si habari za kufurahisha.

Uliniuliza kama nimeshapata mkono wangu. Tangu tulipokuwa tukipaka rangi vibao vya maduka pamoja, ulikuwa ukiniambia kwamba mtu akiona milima niliyoichora ajue ni ya Mativo bila kutafuta jina pembeni. Nilikuamini sana, pengine kupita kiasi.

Bado nafanya kazi kwa Bwana Kinyanjui, mwenye studio ya picha. Unayakumbuka yale mapazia yake makubwa ya kuchorwa, ambayo wateja husimamishwa mbele yake wapigwe picha: ziwa la buluu, mlima wenye theluji, miti mirefu ya nchi za watu, na ndege ikipaa. Nayachora hayo kila mwaka, yakichakaa nayarudia. Mwezi wa Agosti pazia moja lilichanika, naye alikuwa amesafiri kwao Murang'a, basi nikasema hii ni zamu yangu. Nikachora kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu kule Mutomo. Nilikichora kama kilivyo, mawe yake meusi, udongo mwekundu, makorongo, na migunga isiyo na jani hata moja. Patrobas, nilifurahi hadi nikalia. Sikuwa nimemwiga mtu.

Mteja wa kwanza alikuwa Ndindi, mama mmoja anayeuza vitambaa sokoni. Alikuja na viatu vya kisigino, mkoba begani, nywele zimetengenezwa vizuri. Alipoliona pazia aliniuliza aliyelichora ni mtu wa wapi, maana hicho kilima anakijua. Moyo ukaniruka. Kumbe nimefurahi mapema. Alisema picha hiyo anampelekea mama yake huko huko Mutomo, na mama akiiona atadhani kapigwa picha pale nyuma ya zizi, kwamba miaka yote hii hajafika popote. Akaondoka bila kupigwa picha. Kinyanjui aliporudi akakuta watu wanacheka, ati kwa Mativo unalipa ili urudishwe ocha, kijijini kwenu. Hakunifokea, kusema kweli. Alinipa tu kopo la rangi ya buluu, akasema nimalize kabla ya Jumamosi. Nikakifunika kilima mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Nilijifariji kwamba nitakichora tena, kiwe changu, nisimwonyeshe mtu. Nikajaribu chumbani kwangu, na kila nikijaribu kinatoka laini, kibichi, na chini yake maji. Nikadhani ni kwa sababu nachora kwa kukumbuka. Basi Krismasi nikaenda nyumbani na rangi zangu, nikaketi uani, kilima kiko mbele yangu, nikachora asubuhi nzima.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia yeyote. Mama aliniletea chai, akasimama nyuma yangu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaisifu, akasema ni mahali pazuri mno, kisha akaniuliza ni wapi. Na kilima kiko pale pale mbele yetu, Patrobas. Nilishindwa kumwambia. Nikamjibu ni Nairobi. Akaweka kikombe chini, akasema taratibu kwamba sasa ameelewa kwa nini nakaa sana bila kuja nyumbani.

Sijashika brashi kwa ajili yangu tangu siku hiyo, wala sidhani nitashika. Mapazia nitaendelea kuyachora, maana ndiyo ugali wangu. Safari hii usinitie moyo, nakuomba. Niandikie habari za mtoto tu. Msalimie Khalayi, na ukienda Busia uwape wazee mkono wangu. Mungu awatunze.

Ni mimi nduguyo,
Mativo