Kuku Niliyemgawa Kabla ya Mapumziko

Alhamisi, Katonga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika sasa hivi tu. Ziwa lina rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Akina mama wameanza kuanika upya dagaa wao, na wanangu wawili, Imani na Yona, wako huko huko wakiwasumbua.

Hii ni siku ya tatu ya mapumziko yetu. Kanisa limetupa nyumba ya wageni yenye vyumba viwili, neti zisizo na matundu na kibaraza kinachotazama maji. Nilipaswa kuwa na furaha.

Sina.

Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumficha: nilikuja Kigoma bila nia ya kurudi kambini. Mume wangu ni mchungaji. Kanisa letu la Kenya lilimtuma kuwahudumia wakimbizi wa Burundi katika kambi iliyo kule upande wa Kasulu, na tuliambiwa ni miaka miwili. Huu ni wa tano. Nimechoka na vumbi, nimechoka na foleni ya maji, nimechoka kuitwa Mama Mchungaji na watu wenye haki ya kuchoka kunishinda mimi. Hilo la mwisho ndilo linalonikaba. Utamlalamikia nini mtu aliyevuka mpaka kwa miguu na mtoto mgongoni? Kwa hiyo silalamiki. Natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Mpango wangu ulikuwa kwamba tupumzike kwanza, tule samaki wa ziwani, migebuka, tushibe, halafu nimwambie Baba Imani kuwa mimi na watoto tunaendelea na safari hadi kwetu Voi. Ripoti zao za shule nimezifunga ndani ya kanga, chini kabisa ya begi. Siku tatu nimetafuta pa kuanzia. Kila nikifungua mdomo naishia kumuuliza kama anataka chai.

Leo saa nne, mvua ikiwa bado inamwagika, nikasikia hodi.

Walikuwa Mzee Zakaria, mzee wa kanisa letu kule kambini, na Mama Konsolata, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Wamelowa chapachapa. Walikuwa wameomba kibali cha siku moja cha kutoka kambini, wakadandia lori la mahindi, wakasimama huko nyuma mpaka hapa. Nikajua ni msiba, nikaanza kutafuta kanga ya kujifunga.

Hapakuwa na msiba. Kilichowaleta ni neno. Jumapili iliyopita Baba Imani alitangaza kanisani, "Mimi na familia yangu tunakwenda kupumzika Kigoma." Kwetu hilo ni neno jepesi tu. Lakini kambini, kila mgeni aliyewahi kuaga kwamba anakwenda kupumzika, kuanzia muuguzi na mwalimu hadi mchungaji aliyetutangulia, hakuonekana tena. Waumini wamekaa vikao siku mbili, kisha wakawatuma hawa.

Baba Imani alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani! Ni wiki moja tu, Mzee wangu. Jumatatu tuko kwetu kambini."

Mzee Zakaria akacheka naye, akajifuta uso. Mama Konsolata hakucheka.

"Oya, Mchungaji," akasema. Kwa Kirundi hiyo ni hapana. "Wewe tunakuamini. Mimi nimekuja kumuuliza mama."

Akanigeukia. "Mama Mchungaji, ulinipa kuku wako mwekundu. Pamoja na vifaranga vyake."

"Nilikupa unitunzie," nikasema.

"Hukusema nikutunzie. Ulisema, huyu ni wako sasa." Alisema taratibu, bila ubaya wowote, kama anayenisaidia kukumbuka. "Siku tunatoka kwetu, na mimi niligawa kuku. Mtu wa kurudi hagawi kuku mwenye vifaranga."

Baba Imani akanitazama. Hakuwa akijua lolote. Kuku nilimpeleka asubuhi ya safari, mume wangu na watoto wakipakia mizigo.

Pale pale ningeweza kusema ukweli. Badala yake nikaisikia sauti yangu, ile ya Jumapili: "Tutarudi Jumatatu, Mama Konsolata."

"Na sisi, siku tunatoka kwetu, tulisema tutarudi Jumatatu," akanijibu.

Nikawapa chai. Waliinywa haraka kwa sababu kibali kinaisha leo jioni na dereva alikuwa anawasubiri sokoni. Mama Konsolata alinishika mikono yote miwili, akasema "Murakoze cane," akashukuru chai kweli, kisha akasimama kidogo kibarazani akitazama ziwa. Kwao ni huko kaskazini, kando ya maji haya haya. Wakaondoka.

Baba Imani, ambaye sijamwona akiosha kikombe tangu tuoane, aliosha vyote vinne.

"Unataka kwenda kwenu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

Nilingojea mahubiri. Miezi kadhaa nimejiandaa kwa ugomvi huu, nina majibu ya kila aya atakayonisomea. Akakaa kitandani, mikono bado ina povu. "Basi nenda na watoto. Sitakuzuia. Mimi siwezi kuwaacha wale."

Majibu yangu yote yakakosa kazi.

Sasa niko kibarazani, na hakuna aliyenifungia. Nina pasipoti, nina mume mwema, basi la kunitoa hapa lipo. Jirani yangu anaomba kibali hata kuja kuliona ziwa. Na mguu wangu haunyanyuki. Nimekasirika, nalisema wazi. Nina hasira na Mama Konsolata kwa kunijua, na ninamwonea haya. Nikienda hatalia wala hatanilaumu. Hatashangaa hata kidogo, na hilo siwezi kulivumilia.

Jumatatu narudi kambini. Nisijidanganye kwamba ni upendo, wala kwamba ni wito. Narudi kwa sababu kuna mwanamke mmoja ambaye kila aliyemwahidi Jumatatu alimdanganya, akiwemo yeye mwenyewe.